Niliyempa Kiti Changu cha Marakeshi

Kabla sijaanza, kiondoe hicho kicheko. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka kama wewe. Watu wa hadithi za mizimu siwapendi hata kidogo. Ukikaa nao utasikia kaona mwanamke mrefu, ana kwato za punda, nywele zinafika kiunoni, ananukia udi. Kila mtu kwato, kila mtu udi. Hivi mizimu yote inashonewa kwa fundi mmoja? Wangu hakuwa na kwato. Alikuwa na viatu vya kawaida kabisa, tena vimechoka, na nilikutana naye kituo cha basi, saa kumi na moja na nusu jioni, taa zinawaka na watu wanapita na mikate yao kwapani. Wallahi, kama naongopa nisiamke kesho.

Tuanze na upuuzi wenyewe, maana bila ule upuuzi haya yote yasingetokea.

Ilikuwa Januari, miaka ile simu za kugusa kwa kidole ndiyo kwanza zinaingia, na kila mwenye nayo anajiona mkuu wa wilaya. Nina rafiki yangu Mkenya wa Nakuru, Jacinta, anafanya kazi ofisini karibu na Porte de Namur, hapa Brussels. Mwanamke mkarimu, hana baya, lakini ana ugonjwa wa mazoezi. Anakimbia asubuhi kwenye mvua, hafukuzwi na mtu. Siku hiyo akatuita mkahawani Flagey, mimi na Maman Espérance, mtu wa Bukavu anayesuka nywele kule Matonge, mtaa wetu Waafrika, akatandaza karatasi mezani kama jenerali anayepanga vita.

"Girls, nimepata tiketi poa sana. Marrakech, weekend ya mwisho wa mwezi. Na si ile ya kulala kwa hoteli. Ni active weekend."

Nikamuuliza huyo ektivu ni mnyama gani.

Akanisomea. Ijumaa, kuendesha baiskeli katikati ya mitende. Jumamosi asubuhi, kupanda mlima kwa miguu. Jumamosi jioni, matembezi kwenye jangwa la mawe nje ya mji. Jumapili, ngamia, halafu mnaingizwa kwenye bafu la mvuke mnasuguliwa na sabuni nyeusi mpaka ngozi itoke. Hayo ndiyo mapumziko! Mtu kafanya kazi wiki nzima, Ijumaa anapanda ndege mpaka Moroko akasuguliwe.

Mimi nimezaliwa Kondoa. Unaijua Kondoa? Vumbi jekundu, jua la kukausha mate mdomoni. Mlima nilipanda kila siku kwenda kutafuta kuni, na hakuna aliyenipiga picha. Baiskeli niliisukuma na madumu mawili ya maji. Yote hayo nilikuwa nayo bure, nikayakimbia, nikaja kujificha chini ya mawingu ya Brussels, na leo mtu ananiambia nipande ndege nikayaonje tena kwa furaha! Wabelgiji nawaelewa. Mtu aliyezaliwa kwenye manyunyu, jua kwake ni pilau la sikukuu. Lakini mtu wa Nakuru? Mtu wa Bukavu?

"Bon, miye naenda," akasema Maman Espérance. "Baridi ya hapa inaniingia mpaka mu mifupa. Kama kule kuko jua, ile baiskeli nitaisukuma na mukono tu, haina shida."

"Mtaniambia mlivyovunjika miguu," nikasema, nikaanza kufunga vifungo vya koti.

Jacinta akaacha kucheka. Akanishika mkono. "Mama Mariamu, ngoja. Nimeongea na Mariamu. Amekubali kuja."

Sasa hapa lazima nikueleze. Mariamu ni mwanangu, wa pekee. Baba yake alifariki Mariamu akiwa na miaka tisa, nikamlea mwenyewe kwa kazi ya kuhudumia vikongwe kwenye nyumba ya wazee. Kutwa nzima nasikiliza vibibi vya Kibelgiji vinanisimulia vita, paka na waume waliokufa zamani, na ninaitikia, maana ndiyo kazi. Nikirudi nyumbani masikio yamekwisha. Mwezi wa nane Mariamu, mwaka wa pili wa masomo ya uuguzi, akaniambia ameacha shule. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Mama, kuna kitu nataka kukuambia." Nikamwambia sina muda wa upuuzi, nina zamu. Niliporudi, kabati lake lilikuwa tupu. Miezi mitano hakunipigia simu, na mimi sikumpigia. Mama ndiye ampigie mtoto?

"Anasema ako na kitu ya kukuambia," Jacinta akaendelea. "Lakini hapa Brussels hawezi. Anasema hapa wewe kila saa uko na koti, uko kwa mlango, unaenda job. Akasema pengine huko, kwa jua, mtatembea pole pole."

Sikufichi, moyo wangu uliruka. Nilitaka kulia pale pale mbele ya kahawa. Lakini mdomo wangu una akili zake, haujawahi kuniomba ruhusa.

"Neno gani hilo mpaka lipande ndege?" nikasema.

"Basi uje, utalisikia," akasema Jacinta, akanikunjia ile karatasi ya ratiba akanitia mfukoni. Nikakubali. Kwa kununa, lakini nilikubali. Jina langu likaandikwa kwenye tiketi.

Mimi nakaa Berchem-Sainte-Agathe, huko pembeni, kwenye maghorofa. Tramu ilinishusha, nikawa nangoja basi la kunisogeza kwetu. Theluji ile chafu, ile inayofika chini imeshakuwa tope. Kituoni nilikuwa peke yangu. Nikaitoa karatasi nikaisoma chini ya taa, na nikawa naitukana kwa sauti, Kiswahili safi, maana nani atanielewa Berchem? Nimekaa pale miaka kumi na minne, Mswahili sijawahi kumwona hata kwa dawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikajibu. Mdomo huo huo.

Kisha nikageuka, nikaona nimemwitikia marahaba ajuza. Mwanamke wa miaka sabini, labda zaidi, sweta jepesi, hana koti, hana glavu. Hebu fikiri. Kwetu mkubwa anamwamkia mdogo shikamoo? Haijatokea tangu dunia iumbwe. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo hapo. Mimi nikasema moyoni, huyu katoroka kwenye nyumba ya wazee, akili zimemruka, nawajua hawa.

"Unasoma nini kinachokukasirisha?" akauliza. Na lafudhi yake, jamani, ilikuwa ya kwetu. Sisemi ya Tanzania, nasema ya kwetu, ile ya kuvuta maneno ya shangazi yangu aliyekufa mimi bado msichana.

Nikamsomea. Nilikuwa nimekwisha kupandwa na hasira na nimepata msikilizaji, ningemwachia? Nikamsomea baiskeli, nikaicheka. Nikamsomea mlima, nikaucheka. Ngamia nikamcheka kuliko wote. Yeye hakucheka. Alisikiliza kama mtu mwenye njaa anayetajiwa chakula. Kila nikimaliza jambo moja, anauliza swali lile lile.

"Na jua lipo?"

"Lipo."

"Linafika mgongoni?"

"Linafika mpaka kwenye maini, bibi. Ni jangwa lile."

Ndipo nikaona kitu. Mimi nikisema, mvuke unanitoka mdomoni. Wewe mwenyewe unajua, baridi ile kila mtu anatoa moshi kama chai. Yeye anasema, na hakitoki kitu. Mdomo unafunguka, maneno yanakuja, hewa haiji. Niliona, sikatai kwamba niliona. Nikajiambia vizee havina joto mwilini. Dharau ni kitu kibaya, inakupa jibu la kila jambo kabla hujaliangalia.

"Na nani mnakwenda?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamtaja Jacinta, nikamtaja Maman Espérance, nikamtaja na Mariamu. Kwa nini nilimtaja mwanangu kwa mtu wa kituo cha basi? Kwa sababu ndilo lililokuwa likiniuma, nilikuwa nalichezea kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Nikasema, "Na kitoto changu kina neno la kuniambia. Neno lenyewe halisemeki Brussels, linataka jangwa! Sisi tuliambiana maneno jikoni, tumesimama, sufuria linachemka."

"Ningekwenda mimi, ningefurahi," akasema yule mama.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea, na Mzungu hawezi kukosea hivi hata umfundishe. Mzungu asipotaka kukupa kitu, hakwambii karibu. Sisi tunaambiana karibu kama tunavyopumua. Unakula, mtu anapita, unasema karibu. Yeye anasema ahsante, nimetoka kula sasa hivi, na ana njaa ya siku mbili. Unamwambia tena, anakataa tena. Mpaka ya tatu ndipo ananawa, kama kweli ulikuwa na nia. Karibu ya kwanza ni adabu tu. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo, akipokea mara ya kwanza anafinywa na mama yake.

Basi nikamwambia, "Karibu bibi, nenda wewe. Kiti changu hicho, baiskeli yangu hiyo, na ngamia wangu mchukue."

"Na mwanao?"

"Na mwanangu. Akakuambie wewe hilo neno lake. Mimi sina muda wa upuuzi."

Nikangoja acheke, aseme hapana mwanangu, nenda salama, Mungu awatangulie. Ndivyo inavyokwenda.

"Ahsante," akasema. "Nimekubali."

Mara moja. Bila kukataa, bila kujibaraguza. Akanyoosha mkono akaichukua ile karatasi vidoleni mwangu, na vidole vyake vikanigusa. Sikusikia baridi. Sikusikia joto. Sikusikia kitu, kama vile nimejigusa mwenyewe mkono ukiwa umekufa ganzi.

Basi likaja, nikapanda mbio. Nikageuka dirishani. Alikuwa amesimama pale pale, ananipungia. Mimi bega langu la kulia lina kasoro tangu niangushwe na kikongwe mmoja kazini, siwezi kuinua mkono. Napunga kwa kiganja tu, kiwiko nimekibana ubavuni. Na yeye alipunga hivyo hivyo.

Unafikiri niliomba dua? Nilisonya. Nikasonya tena nikiwa kwenye lifti, nikaenda kupika.

Siku zikapita, Ijumaa ikafika. Begi nilikuwa nimefunga, usinione mtu mbaya kiasi hicho. Nilinunua na ushungi mpya wa rangi ya machungwa, maana Mariamu alikuwa akisema zamani kwamba navaa kama mtu wa msibani. Saa kumi na mbili asubuhi kengele ya simu ikaniamsha. Nje giza, mvua ya barafu inapiga kioo. Nikakaa kitandani nimeshika kiatu kimoja.

Na hapo, bila mzimu wala shetani, nikaanza kujisemea. Kwamba nitafika kule, yule msichana ataniangalia juu mpaka chini mbele ya watu. Kwamba Jacinta atakuwa anatuchungulia kama mchezo wa runinga. Kwamba mtoto ndiye anayemfuata mama, si mama anayemfuata mtoto kwenye milima ya watu. Nikavua kiatu. Nikamtumia Jacinta ujumbe: Nendeni tu, mimi naumwa. Nikajifunika.

Nikwambie ukweli mchungu? Nilikuwa nangoja kubembelezwa. Nilijua simu italia. Jacinta atasema acha hizo, tunakufuata na teksi. Au Mariamu mwenyewe atasema mama, njoo. Nilikuwa tayari kukataa mara mbili na ya tatu ninyanyuke. Begi lilikuwa mlangoni.

Simu haikulia. Ijumaa haikulia, Jumamosi haikulia. Niliwasha joto la ukutani mpaka mwisho na bado nikakaa na mablanketi mawili. Jumamosi jioni nilikuwa naosha sufuria, ghafla nikasikia joto mgongoni, zuri, kama jua la saa tatu asubuhi. Likakaa kidogo, likaondoka. Tangu siku hiyo mgongo wangu haujapata joto tena. Nimekwenda Kondoa mara mbili toka hapo, mwezi wa kumi, jua la kukaanga mayai, nimekaa uani nimejifunika shuka na watoto wananicheka.

Jumatatu nikaenda Matonge. Nilikwenda kwa shari, nataka kuwauliza wale wanawake ni urafiki gani huo, mtu anaumwa hata simu hampigi. Nikafungua mlango wa saluni, Maman Espérance akaacha kichwa cha mteja nusu, akanirukia shingoni.

"Mama Mariamu! Weee! Miguu ingali inakuuma? Ile mlima uliipanda sawa mutoto wa seize ans, wa miaka kumi na sita! Miye niko nakufata nyuma, roho inataka kutoka!"

Nikadhani ananicheza shere. Nikamwambia acha masihara. Akafuta mikono, akatoa simu.

Nilijiona. Mimi, nimekaa juu ya baiskeli, kofia ya plastiki kichwani juu ya ushungi wa rangi ya machungwa, meno yote nje. Mimi kwenye picha sicheki, hata ya harusi yangu nimenuna. Picha nyingine, niko juu ya ngamia, nimenyoosha mkono mmoja kiganja tu, kiwiko ubavuni. Nyingine, niko na Mariamu, amenilalia begani, wote tumefumba macho kwa sababu ya jua.

"Na kule mu désert," akasema Maman Espérance, sauti ikashuka, "weye na mutoto mulienda kukaa mbali, juu ya mawe. Deux heures, masaa mbili nzima. Tulikuwa tunabaona. Mutoto analia, weye umemushika kichwa. Alors miye pia nikalia, bila kujua sababu."

Nikampigia Jacinta pale pale. Nikamuuliza, hukupata ujumbe wangu?

"Nilipata," akasema. "Tuko airport, nasoma, nikaanza kukasirika. Kuinua macho, si wewe huyo kwa line unacheka? Nikajua ni yale maneno yako tu. Wewe husema huji halafu unakuja."

Umesikia? Miaka kumi na minne ya urafiki! Ningekuwa nimebadilishwa na mtu mwenye tabia mbaya kuliko yangu wangeshtuka, wangeita shehe. Kwa kuwa nimekuwa mtu mwema ghafla, wakafurahi, wakala tajini, ule mchuzi wa Kimoroko. Ndiyo marafiki hao.

Nikarudi nyumbani mbio. Ushungi wa machungwa ulikuwa kwenye begi, umekunjwa kama nilivyoukunja. Pasi yangu ya Ubelgiji ilikuwa kwenye droo. Nikaifungua. Muhuri wa kuingia Moroko, Ijumaa. Muhuri wa kutoka, Jumapili. Pasi ile ipo, ukija nitakuonyesha. Na ukiona mihuri utasema nini? Utasema nilikwenda nikasahau? Sema. Daktari mmoja alisema hivyo hivyo, akaniandikia vidonge, nikamwachia mezani kwake.

Jumatano mlango ukagongwa. Mariamu. Miezi mitano sijamwona, amekonda, amesuka nywele ndogo ndogo. Akanikumbatia, akakaa hapo kifuani muda mrefu. Mimi nimesimama mikono imening'inia, sijui niiweke wapi.

"Mama, ahsante," akasema. "Sikujua unaweza kunijibu vile."

Wewe ungefanyaje? Ungesema si mimi? Ungesema, mwanangu, ulilolitunza nimemgawia ajuza wa kituo cha basi kwa mzaha? Alikuwa amerudi. Alikuwa jikoni kwangu, anafungua masufuria anauliza kuna nini cha kula.

"Si kitu, mwanangu," nikasema.

"Basi nitafanya kama ulivyosema."

"Fanya hivyo."

Na alifanya. Nini alichofanya, sijui. Nilimwona tu akinawiri. Alirudi shule, si ya uuguzi, akajifunza useremala, msichana yule, akapata kazi, akapata nyumba yake. Usiku mwingine nilikuwa najiuliza, je, lilikuwa jambo la ugonjwa? La mwanamume? Kuna mtu alimtendea ubaya akiwa mdogo, mimi nikiwa zamu? Hilo la mwisho ndilo linaninyima usingizi mpaka leo. Kila akisema "kama nilivyokuambia kule", natikisa kichwa kama mwenye kuelewa. Nilimtegea mitego. Nasema, lile neno lako, ulilianzaje vile? Ananiangalia, anauliza chumvi iko wapi.

Jacinta na Maman Espérance kila Januari wananiomba twende tena. "Twende na ile roho yako ya kule," ananiambia Maman Espérance, na hajui anasema nini.

Miaka sita nililibeba jambo hili. Jumapili moja Mariamu yuko kwangu, tunamenya mihogo, mvua inanyesha kama kawaida ya nchi hii. Nikaweka kisu chini. Nikamwambia, "Mariamu, yule aliyekwenda Marakeshi hakuwa mimi." Nikamweleza yote, kituo, shikamoo, ile karibu yangu ya kipumbavu. Nikangoja aniite mwendawazimu.

Hakuacha kumenya.

"Najua, mama," akasema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu kule kule. Nilianza kusema, nikawa nangoja unikatize. Sikukatizwa. Nikasema mpaka mwisho, na bado alikuwa ananisikiliza. Nikajua si wewe."

"Na ukaendelea kumwambia?"

"Nilikuwa nimechoka kulibeba, mama. Nikaona yeyote huyu, amekaa."

Nikamwambia, "Basi niambie na mimi. Nimekaa. Leo sina zamu, sina koti, niambie mpaka kesho asubuhi."

Akaniangalia. Wala hakuwa na hasira, afadhali angekuwa na hasira. Alikuwa na huruma, ile ninayowapa mimi wale vikongwe wa kazini wanapoulizia waume zao waliokufa.

"Nilishalisema, mama," akasema. "La kusema mara ya pili sina." Akachukua muhogo mwingine.

Sasa wewe uliyekuwa unacheka mwanzoni, sikuombi uniamini, lakini lishike hili. Usimwambie mtu karibu kama huna nia, kuna wasiofundishwa kukataa, na hutawajua kwa kwato. Na mtu wako akisema ana neno, nenda. Hata kama pahali penyewe ni pa kijinga, hata kama ratiba imeandikwa na mwehu. Nung'unika njia nzima, tukana ukipenda, lakini fika wewe.

Mariamu ananipenda, sina malalamiko. Kila Jumapili yuko kwangu, ananirekebishia makabati, ananiita mama. Lakini siri ya mwanangu anayo mtu mwingine, na mimi hata jina lake sikumuuliza.